Kuuliza si ujinga: kabla ya kununua baiskeli, pita kwanza kwa fundi wa mtaani

Leo nataka tuzungumze habari ya baiskeli, na naomba msiipuuze mkadhani ni mambo ya watoto au ya Wazungu wenye muda wa kupoteza.

Kila majira ya joto yakianza hapa Uingereza, wengi wetu tunapata wazo lilelile: ninunue baiskeli, nipunguze mwili, niokoe nauli. Wazo ni zuri sana na ninaliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachopingana nacho ni jinsi tunavyolitekeleza. Mtu anatoka shifti usiku, anafungua intaneti akiwa kitandani, anatafuta baiskeli ya bei ya chini kuliko zote, anabonyeza, analala. Baada ya siku tatu boksi liko mlangoni. Anaikaza mwenyewe sebuleni kwa spana iliyokuja ndani ya boksi. Wiki ya kwanza anafurahi, wiki ya pili magoti yanauma, wiki ya tatu cheni inalia na breki hazishiki vizuri. Ikifika mwezi wa pili baiskeli iko kwenye korido imeanikwa makoti.

Msimamo wangu ni huu: katika ununuzi wa baiskeli, kitu chenye thamani kuliko vyote ni ushauri wa fundi aliyekuona kwa macho yake. Ukiukosa huo, hata ungepata baiskeli kwa nusu bei, kuna uwezekano mkubwa umetupa pesa. Na kwa watu kama sisi, kinachopotea ni zaidi ya pesa.

KWA NINI HII NI HABARI YA AFYA

Tusidanganyane, ndugu zangu. Kisukari na presha vimeingia majumbani mwetu. Shirika la Diabetes UK linasema Mzungu anaanza kuhesabiwa kwenye hatari zaidi ya kisukari cha aina ya pili akishapita miaka 40, lakini mtu mwenye asili ya Afrika anaanza akishapita miaka 25. Hata kile kipimo cha BMI kinacholinganisha uzito na urefu, wataalamu wa hapa wanakisoma tofauti kwetu. Wengine hatari inaanza kuhesabiwa kwenye 25, sisi kwenye 23. Wengine hatari kubwa ni 30, sisi ni 27.5. Kwa hiyo ule mwili ambao nyumbani watu wangekusifu kwamba Ulaya imekukubali, kwa daktari wa hapa unaweza kuwa tayari ni onyo.

Sasa tazama maisha yetu. Tunabeba boksi, tunatunza wazee, tunasafisha maofisi, tunalinda majengo, tunaendesha magari. Tunachoka kweli, lakini kuchoka si sawa na kufanya mazoezi ya moyo. Mlinzi aliyesimama saa 12 mlangoni miguu inamuuma, ila mapigo yake hayajapanda hata mara moja. Halafu anarudi nyumbani usiku wa manane anakula wali sahani nzima na kulala.

NHS inashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, yale ya kukufanya uhemee kidogo huku bado unaweza kuongea. Fanya hesabu: ukienda kazini kwa baiskeli dakika 15 na kurudi dakika 15, kwa siku tano, hizo ni dakika 150 kamili. Hujalipia gym, hujatafuta muda wa ziada, umekwenda kazini tu. Ndiyo maana naipenda baiskeli kuliko mazoezi mengine kwa watu wenye ratiba kama zetu.

Lakini hesabu hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: baiskeli iendeshwe. Na mtu haendeshi kitu kinachomuumiza au kumtia hofu. Hapo ndipo fundi anapoingia.

NYUMBANI TULIKUWA TUNAJUA

Kinachonishangaza ni kwamba jambo hili sisi tumelikuta kwa wazee wetu. Nani nyumbani alinunua Phoenix au Raleigh akaipanda hivihivi? Ilitoka dukani ikapelekwa kwa fundi, akaifungua na kuifunga upya, akanyoosha rimu, akapaka grisi, akapandisha siti mpaka mguu wako ukae sawa. Na baada ya hapo fundi wa chini ya mwembe alikuwa mtu wako. Upepo kwake, pancha kwake, cheni kwake. Hakuna aliyeona ni anasa.

Tukifika huku tunaamini kwamba kila kitu cha Ulaya kinatoka kiwandani kikiwa tayari. Si kweli. Baiskeli nyingi zinasafirishwa zikiwa nusu zimefungwa, na mtu fulani lazima amalizie. Swali ni kama mtu huyo ni fundi au ni wewe na ile spana ya kwenye boksi.

Najua kinachotuzuia kuingia duka la baiskeli la mtaani. Kwanza tunaogopa bei. Pili Kiingereza, hasa maneno ya vyuma ambayo hata walioishi hapa miaka 20 hawayajui. Tatu, tuseme ukweli, kuna yale macho. Unaingia, unakuta vijana wamevaa nguo za kubana wanazungumza habari za baiskeli za pauni 4,000, unajiona umepotea njia. Hofu hizo nazielewa. Lakini kumbuka mwenye duka dogo anaishi kwa wateja wa mtaa wake. Mama anayetaka baiskeli ya kwenda kazini na kurudi na mboga ni mteja wake kama wale vijana, tena huyo mama atarudi kila mwaka kufanyiwa sevisi. Una haki ya kuuliza na kutoka bila kununua. Kama lugha inasumbua, nenda na mwanao aliyesoma hapa. Wao ndio wakalimani wetu kila mahali, na kwa baiskeli watakwenda mbio.

FUNDI ANAONA NINI AMBACHO INTANETI HAIONI

La kwanza ni kimo chako. Fremu zina saizi kama viatu. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuhitaji saizi tofauti kwa sababu mmoja ana miguu mirefu na mwingine ana kiwiliwili kirefu. Kwenye intaneti utakuta saizi moja kwa wote, au jedwali ambalo ni la kukisia. Fundi atakusimamisha juu ya fremu, atakukalisha, ataangalia mkono wako unavyofika kwenye usukani.

Kisha atarekebisha siti. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu magoti. Tunashusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini tukiwa tumekaa, tukidhani huo ndio usalama. Siti ikiwa chini sana, goti linakunjwa kupita kiasi kila unapozungusha pedeli, na maumivu yanakuja mbele ya goti. Ikiwa juu sana, nyonga inayumba huku na huku, na maumivu yanaweza kuja nyuma ya goti. Kipimo cha kuanzia ni hiki: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukihamisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunja kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ganzi ya mikono na maumivu ya sehemu za kukalia nayo mara nyingi hutokana na siti iliyoinama vibaya au usukani ulio mbali, na fundi anaweza kuviweka sawa kwa dakika chache.

La pili ni aina ya baiskeli. Sisi tunapenda ile yenye matairi mapana ya vibonge na springi mbele na nyuma, inaonekana ina nguvu. Kwenye baiskeli ya bei rahisi springi hizo ni uzito mtupu, na zinanyonya nguvu yako kila unapokanyaga. Matairi ya vibonge ni ya matope na mawe. Kwenye lami yanakuchelewesha. Kwa kwenda kazini mjini, watu wengi wanahitaji kitu cha kawaida: tairi laini, usukani ulionyooka, madigadi kwa ajili ya mvua, na keria ya mzigo. Kina mama wanaovaa buibui, kanga au sketi ndefu, na wazee wasioweza kurusha mguu juu, wapo na fremu zao zilizoshuka katikati, na kifuniko cha cheni kinachozuia nguo isinaswe. Mwambie fundi wazi kwamba hivi ndivyo ninavyovaa. Hilo si jambo la aibu.

La tatu, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ni ufungaji. Je, unajua kwamba pedeli ya kushoto inakazwa kinyume na ile ya kulia? Asiyejua anailazimisha, anaua nyuzi za skrubu, na siku moja pedeli inachomoka akiwa kati ya magari. Kuna wanaofunga uma wa mbele umegeukia nyuma, na baiskeli inakuwa haielekezeki vizuri. Kuna wanaoacha usukani haujakazwa. Halafu kuna breki. Hapa Uingereza kawaida breki ya mkono wa kulia ndiyo ya mbele. Marekani na nchi nyingi za bara la Ulaya, ya mbele ni ya kushoto. Wapo ndugu zetu wengi waliohamia hapa kutoka Uholanzi, Sweden au Denmark, na wapo walioletewa baiskeli kutoka huko. Ukiivuta breki ya mbele kwa nguvu kwenye mteremko ukidhani ni ya nyuma, unaweza kupita juu ya usukani. Kitu kama hicho unatakiwa uambiwe kabla hujapanda.

NENDA NA MASWALI, NA SIKILIZA MASWALI YAKE

Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye karatasi: nitaendesha umbali gani, njia ina milima au tambarare, nitabeba nini, nitaiweka wapi usiku, nina maumivu gani ya mwili, na bajeti yangu ni kiasi gani. Usione haya kutaja bajeti. Fundi mzuri akijua una pauni 200 atakwambia ukweli wa pauni 200.

Ukiwa dukani uliza haya. Je, naweza kuijaribu nje kwanza? Bei hii ni pamoja na kuirekebisha inikae mwilini? Je, nikirudi baada ya wiki sita mtaikagua bure? Hili la mwisho ni muhimu kwa sababu waya za breki na gia za baiskeli mpya hulegea katika wiki za mwanzo, na maduka mengi hufanya ukaguzi huo wa kwanza bila malipo. Tena uliza: tairi hizi zijazwe upepo kiasi gani, na kufuli ipi inafaa? Kufuli zilizopimwa na Sold Secure zina ngazi za Bronze, Silver, Gold na Diamond, na kwa miji yetu hii usishuke chini ya Gold.

Alama ya duka zuri ni moja: anakuuliza kabla ya kukuuzia. Akikuelekeza moja kwa moja kwenye ile iliyoandikwa punguzo bila kujua unakwenda wapi, au akizungumza juu ya kichwa chako kama vile haupo, toka. Yapo maduka ya namna hiyo, sikatai. Nenda la pili. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kununua kwa aibu.

"LAKINI NI GHALI"

Najua hoja hii inakuja, na ina ukweli ndani yake. Duka la mtaani mara nyingi halitaweza kushindana na bei ya supamaketi. Lakini linganisha vizuri. Baiskeli ya boksi unainunua, halafu unalipa fundi aifunge upya, halafu unabadilisha vitu vilivyochakaa mapema, na mara nyingine fundi anakataa kuigusa kwa sababu vyuma vyake havikazi. Mtu ameokoa pauni 100 mlangoni akazilipa dirishani.

Tena duka la mtaani si lazima ununue mpya. Mengi yanauza zilizotumika ambazo fundi amezikagua na anazitolea dhamana. Miji mingi ina karakana za jamii zinazokarabati baiskeli na kuziuza kwa bei nafuu. Kwa wakimbizi na waomba hifadhi lipo The Bike Project, shirika lililoanzishwa London mwaka 2013, ambalo hukarabati baiskeli zilizotelekezwa na kuwagawia. Msikae na shida wakati msaada upo.

Walioajiriwa waulize kazini kuhusu mpango wa Cycle to Work, ulioanza mwaka 1999. Mwajiri analipia baiskeli na wewe unakatwa kidogokidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, hivyo kwa mtu wa kodi ya kawaida inakuwa nafuu kwa zaidi ya robo ya bei. Maduka mengi madogo yanaupokea. Tahadhari yake ni kwamba makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara, na hapo ndugu zetu wengi wa nyumba za wazee na wa usafi wanakwama. Waliojiajiri nao hawaingii. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la mpango, maana unawaacha nje wale wanaouhitaji zaidi.

Na kitu kimoja zaidi: yule kijana anayekuuzia barabarani baiskeli ya maana kwa pauni 60, mkimbie. Inaweza kuwa ya wizi, na kununua mali ya wizi ukijua au ukiamini kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai. Mtu ambaye karatasi zake ziko Home Office hahitaji balaa hilo. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida iko chini ya baiskeli penye pedeli, unaweza kuikagua bure kwenye tovuti ya BikeRegister kabla hujatoa pesa.

KWA WANAOTAKA YA UMEME

Wale wa kupeleka vyakula na wale wenye safari ndefu wanaitamani ya umeme. Si mbaya kiafya, kwani bado unakanyaga. Lakini hapa ushauri wa duka ni wa lazima. Kisheria mota isizidi wati 250, isaidie mpaka maili 15.5 kwa saa tu, na mwendeshaji awe amefikia miaka 14. Ikizidi hapo inahesabiwa kama pikipiki: inataka leseni, bima na usajili, na polisi wanaweza kuichukua. Usinunue betri isiyojulikana ilikotoka, wala usitumie chaja isiyo yake. Zimamoto wa London wametoa maonyo mara nyingi kuhusu moto wa betri hizi. Usiichaji kwenye korido au karibu na mlango wa kutokea, maana moto ukianza hapo familia haina pa kupita.

KABLA HUJAONDOKA

Kama una ugonjwa wa moyo, unapata maumivu ya kifua au kizunguzungu, zungumza na GP wako kwanza. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, uliza namna ya kujipima na utembee na kitu cha sukari mfukoni. Kama una miaka 40 hadi 74 na unaishi England, NHS inakupa uchunguzi wa bure kila miaka mitano. Nenda kapime presha na sukari, ili uwe na namba za kulinganisha baadaye.

Taa ni sheria gizani: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Desemba hapa London jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo taa ni sehemu ya baiskeli. Helmeti si sheria hapa, lakini mimi nasema vaa. Na kama ulijifunza kuendesha kijijini miaka 30 iliyopita, ulizia halmashauri yako mafunzo ya watu wazima. Nyingi zinayatoa bure au kwa bei ndogo. Uliyetoka shifti ya usiku macho yanafumba, siku hiyo panda basi.

Jumamosi hii, ndugu msomaji, usifungue intaneti kwanza. Tembea mpaka duka la baiskeli lililo karibu nawe, na karatasi yako ya maswali mkononi. Ingia, salimia, sema kwamba unataka baiskeli ya kwenda kazini na hujui uanzie wapi. Sentensi hiyo moja inatosha. Kama alivyokuwa yule wa chini ya mwembe, fundi atakachokitazama kwanza ni miguu yako.

Nawatakia afya njema nyote, na tukutane barabarani.